Nusu ya Ukoka

Marlys Schroer alikigonga kigingi cha kwanza ukingoni mwa njia ya waenda kwa miguu, akafunga kamba, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea nyumbani huku akiiachia kamba taratibu vidoleni. Hakuhitaji kugeuka kutazama. Alizaliwa katika nyumba hiyo, na miaka sitini na miwili ilikuwa imemfunza mahali hasa ukuta wa katikati ulipoigawa nyumba pande mbili, kila upande na mlango wake. Hapo, chini ya ngazi, alikigonga kigingi cha pili. Mapigo manne ya nyundo, mazito, yaliyosikika mtaa mzima.

Mlango wa kushoto ukafunguliwa. Mdogo wake, Twyla, akatoka kibarazani amevaa koti juu ya gauni la kulalia, kikombe cha kahawa mkononi.

"Ndiyo nini hiyo, asubuhi yote hii?"

"Natengeneza nyasi."

"Kwa kamba?"

"Natengeneza nyasi zangu." Marlys aliivuta kamba mpaka ikalia. "Zako zinaanzia hapo."

Twyla alishuka ngazi moja, akaitazama kamba ilivyoukata uwanja katikati, kutoka ngazini hadi barabarani. Akanywa kahawa kidogo.

"Mama alituachia uwanja mmoja."

"Mama alituachia ukoka. Hili ni tope, na mwenye tope unamjua."

"Si ungeweka na umeme kabisa, nikivuka nife?"

"Nimelifikiria."

Twyla alicheka kwa pua, akarudi ndani, akaubamiza mlango. Hayo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote tangu Oktoba.

Tope lenyewe halikuwa la siku moja. Twyla alipika katika jiko la shule ya msingi, na hapakuwa na mtoto mjini ambaye hakuwahi kuongezewa viazi na mkono wake. Kila Halowini, sikukuu ya vitisho ya mwisho wa Oktoba, aliugeuza uwanja kuwa makaburi ya bandia, yenye mifupa ya plastiki na moshi wa mashine, na mji mzima ukaja kupanga foleni juu ya nyasi, kila familia na mikebe yake ya chakula kwa ajili ya maskini wa parokia. Siku ya Shukrani, mwezi Novemba, wanawe walikuja kutoka mji wa Columbus na marafiki zao, wakacheza mpira hapo hapo kwenye mvua, wakiangushana na kuburutana mpaka jioni. Desemba zikaja sanamu za kujazwa upepo: watu wa theluji tisa, kulungu, na sleji, gari la theluji la Baba Krismasi, kubwa kama pikapu. Baridi ikashika, vigingi vikagandia ardhini, na sleji ikabaki pale imelala kifudifudi hadi mwisho wa Februari. Ilipoondolewa, nyasi za chini yake zilikuwa za manjano, zimelazwa na kufunikwa na ukungu mweupe mithili ya utando wa buibui. Sehemu nyingine hazikuwa na nyasi kabisa. Palikuwa na udongo mtupu uliong'aa kwa kukanyagwa.

Marlys aliujua udongo wa namna hiyo kuliko alivyojua watu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtunzaji wa makaburi ya parokia. Alichimba, akafukia, akangoja udongo ushuke, akausawazisha, akapanda mbegu, akakata nyasi. Alikuwa anaweza kukuambia, kwa kukanyaga tu, ni wapi watu walisimama muda mrefu wakilia na ni wapi walipita haraka.

Na kuhusu Oktoba ile, kila mtu mjini alikuwa na picha yake. Miongoni mwa mawe ya bandia Twyla alikuwa amesimamisha jiwe moja mbele kabisa, karibu na barabara, lenye maandishi meusi yaliyoandikwa kwa uangalifu: HAPA AMELALA MARLYS. MAUA HAYARUHUSIWI. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, kwa sababu wote walimjua mwanamke yule wa buti za mpira aliyeondoa mashada makaburini tarehe ya kanuni ilipofika, asingoje hata siku moja. Marlys aliliona jiwe akirudi kazini. Hakuling'oa. Aliingia ndani, akafunga mapazia, akala tambi zake zilizopoa. Jumatatu bosi wake, Vern, akamwonyesha picha kwenye simu, akitazamia acheke.

"Dada yako ana vituko," alisema Vern.

"Anavyo," Marlys alijibu, akaenda kunoa visu vya mashine.

Kwa hiyo sasa, wiki ya kwanza ya Aprili, alifanya kazi upande wake wa kamba na upande wake tu. Alikwangua nyasi mfu kwa reki ya meno membamba mpaka vidole vikafanya malengelenge. Aling'oa vigingi vya chuma vilivyosahauliwa, kimoja baada ya kingine, akavirusha upande wa pili vikaangukia kibarazani kwa Twyla. Aliazima kwa Vern mashine ya kutoboa ardhi, akaipitisha mara mbili, kwa urefu na kwa upana, ikatapika vipande vya udongo mfano wa vizibo vya chupa. Akamwaga mboji nyembamba. Akachanganya mbegu za aina mbili, moja inayoota upesi na moja ya polepole inayodumu. Akazisukasuka ndani kwa mgongo wa reki, akafunika kwa majani makavu ya ngano. Asubuhi kabla ya kazi alinyunyizia maji, na saa ya chakula cha mchana alikuja na gari kunyunyizia tena, kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Siku ya tisa zikatoka. Ukiwa umesimama hukuona kitu. Ilikubidi uiname, shavu karibu na ardhi, na ndipo ulipoona vijani vya kwanza, vyembamba kama nywele za mtoto. Marlys aliinama hivyo kila asubuhi, bila kujali nani anamtazama.

Twyla alimtazama. Alhamisi hiyo tangazo likabandikwa kwenye ubao wa kanisa, kwa mwandiko wake wa duara: Jumamosi Kuu, saa nne asubuhi, watoto wote karibuni kutafuta mayai ya Pasaka. Uwanja wa akina Schroer.

Marlys alilisoma akiwa amevaa glavu. Alilisoma mara mbili, akarudi kwenye pikapu.

Jumamosi Kuu alipoamka na kuchungulia dirishani, mayai yalikuwa yameshatawanywa. Ya waridi, ya buluu, ya manjano, ya plastiki yenye pipi tumboni. Yalikuwa juu ya tope la Twyla, na yalikuwa pia upande wake, yamefichwa vizuri ndani ya majani ya ngano, katikati ya miche. Nyayo za mtu aliyenyata kwa ncha za vidole zilikwenda na kurudi.

Alitoka na reki. Ilikuwa saa nne kasoro, na watoto wapatao thelathini walikwisha kujipanga barabarani na vikapu, wamevaa nguo za sikukuu. Marlys hakuwasalimu. Aliokota yai la kwanza, akalirusha upande wa pili. Akaokota la pili, akalirusha. Moja likagonga ngazi na kupasuka, pipi zikatawanyika.

Twyla alitoka amevaa gauni jipya la rangi ya samli. "Marlys. Watoto wanakuona."

"Nawaona na mimi."

"Ni dakika kumi. Watapita, wataokota, wataondoka."

"Watakanyaga. Umeyaweka humo ili wakanyage."

"Nimeyaweka kwenye uwanja wa mama yangu."

Mama mmoja kijana aitwaye Kayla, aliyekuja na mapacha, akajaribu kuingilia kwa upole. "Jamani, si wataokota upande huu tu? Huu una nafasi ya kutosha."

"Hapana, Kayla, mwache," alisema Twyla, na sauti yake ikapanda ili wote wasikie. "Mwache afukuze watoto. Mwenzenu amezoea watu wasiojibu. Ukimlaza mtu chini na kumfukia, hapo ndipo dada yangu anampenda."

Watu wazima wawili watatu wakacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha Oktoba. Marlys alikisikia kikimpanda mgongoni. Aliiweka reki chini, akaenda ukutani, akafungua bomba mpaka mwisho, akauchukua mpira wa maji na kusimama kwenye kamba.

"Atakayevuka atalowa," alisema.

Hakuna aliyevuka. Lakini maji yalikuwa na nguvu, na upepo ulikuwa wa upande wa barabara. Msichana wa miaka minne, aliyekuwa mbele kabisa, akalowa kuanzia magotini kwenda chini, viatu vyake vyeupe vikawa vya udongo. Hakulia mara moja. Kwanza aliviangalia, kisha akamtazama Marlys, kisha uso ukakunjamana.

Mama yake akambeba. Mwingine akamshika wake mkono. Kayla akasema, bila kumtazama yeyote, "Twendeni, tutafanya kwetu," na foleni nzima ikageuka, vikapu vitupu vikigonga mapaja. Ndani ya dakika tano barabara ilikuwa tupu.

Marlys alifunga bomba. Miche yake ilikuwa salama yote. Upande wa pili Twyla alipiga magoti katika gauni lake jipya, akaanza kuokota mayai kutoka topeni, moja moja, na kuyarudisha kwenye ndoo. Aliokota kwa saa nzima, na Marlys, aliyekuwa nyuma ya pazia, akamtazama saa nzima hiyo.

Siku ya Pasaka benchi la Marlys kanisani lilibaki na yeye peke yake. Watu walioingia waliliona, wakapita mbele. Jumatatu Vern alimkuta akipakia mchanga.

"Ni kweli uliwamwagia watoto maji?"

"Nilimwagilia nyasi."

"Sivyo wanavyosema."

"Wanasema mengi. Kaburi la Bruns limetitia, umeliona?"

Vern akamwangalia kidogo, kisha akasema ameliona.

Wiki hiyo Twyla aliamua kupanda nusu yake mwenyewe. Alitoka Jumanne baada ya kazi na mfuko mkubwa wa mbegu, akazimwaga kwa konzi kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria ya shule. Hakukwangua. Hakutoboa. Zilidunda juu ya udongo ule mgumu na kubaki juu, zinaonekana. Kisha akazikanyagakanyaga kwa buti ili zishike. Shomoro walikuja kabla hajaingia ndani. Alhamisi akaleta mbolea, akaitia mara mbili ya kipimo, na Jumamosi majani machache yaliyokuwa yamenusurika tangu mwaka jana yakawa ya kahawia, yameungua ncha.

Marlys aliona yote kutoka dirishani akiwa na kikombe chake. Alijua kila kosa kwa jina, na alijua pia lini lingeweza kurekebishwa na kwa neno gani. Sentensi mbili zingetosha. Alizishikilia kinywani na kuziacha ziyeyuke kama peremende.

Jumapili ya mwisho ya Aprili mvua ikaanza, na ikanyesha siku mbili.

Ilikuwa mvua ya kawaida ya majira hayo, nzito, isiyo na upepo. Upande wa Marlys uliinywa. Upande wa Twyla, uliokuwa juu kidogo, haukunywa hata tone. Maji yalikaa juu ya udongo ule uliokanyagwa na mji mzima, yakakusanyika, yakaanza kusogea. Yalipita chini ya kamba kana kwamba haikuwepo. Marlys alitoka na koti la mvua na sepetu, akachimba mfereji mwembamba kuyageuza, na maji yakaujaza na kuupita. Akachimba mwingine. Majani ya ngano yaliinuka yote pamoja kama mkeka, yakaelea, yakaenda barabarani. Nyuma yake ikafuata mboji, na miche ikiwa na vijizizi vyake vyeupe, visivyofika hata urefu wa kidole, ikizunguka na kuingia kwenye tundu la maji machafu. Alisimama na sepetu yake, maji ya nusu ya dada yake yakipita juu ya buti zake.

Aliinua macho mara moja. Twyla alikuwa dirishani. Hakuwa anacheka. Alimtazama, kisha akashusha pazia.

Mvua ikakatika Jumanne. Marlys alingoja udongo ukauke. Kila jioni alichukua udongo wa upande wa Twyla, akaufinya ngumini. Jumatano ulibaki donge. Alhamisi ulibaki donge lenye ufa. Ijumaa alipoufinya na kuugusa kwa kidole gumba, ulisambaratika. Akaenda kwa Vern kuchukua mashine ya kutoboa. Aliposhuka nayo aling'oa vigingi vyote viwili, akaikunja kamba na kuitupa kwenye pikapu ili isinase kwenye magurudumu, akavuta waya wa kuwashia, akaingia kwa Twyla bila kubisha hodi.

Alikuwa amekwenda mistari miwili Twyla alipotoka mbio, mikono ina unga.

"Toa hilo dude kwangu."

Marlys aliendelea. Twyla akaja mbele, akasimama, vidole vya viatu vyake hatua moja kutoka kwenye meno ya mashine. Marlys akazima.

"Nani amekuruhusu?"

"Maji yako yamenichukulia nyasi."

"Maji ya Mungu hayo."

"Yakiwa hewani. Yakishagonga huku ni yako. Udongo wako ni sakafu, Twyla. Haunywi maji. Hata nikipanda upya mara kumi, yatakuja kuzoa mara kumi."

"Kwa hiyo hukuja kunisaidia."

"Sikuja kukusaidia."

"Afadhali umesema mwenyewe. Maana watu wangepita hapa wangedhani umeingiwa na ubinadamu."

"Sogea."

"Sisogei." Twyla alijifuta mikono kwenye sketi, pakabaki alama nyeupe za viganja. Alipoendelea sauti haikuwa tena ya barabarani. "Nitasogea ukinijibu kitu kimoja. Nimengoja mwaka na zaidi. Shada langu la Krismasi, lile la kwanza tangu mama afe, kwenye kaburi lake. Aliyeliondoa ni wewe au ni Vern?"

"Kanuni ni kwamba baada ya tarehe kumi na tano Januari kila kitu—"

"Kanuni naijua, ipo getini kwa herufi kubwa. Sijakuuliza kanuni. Nauliza nani."

"Mimi."

"Ulijua ni langu?"

Makaburi yale yalikuwa na mashada mia mbili na zaidi kila Januari. Mtu angeweza kusema hivyo, na Marlys alikuwa amelisema mara nyingi, kichwani, akiendesha pikapu. Alitazama meno ya mashine, udongo mweusi ukiwa umejaa ndani yake.

"Nilijua. Fundo la utepe lilikuwa lako."

"Lilikuwa na barua ndani."

"Niliiona."

"Uliiona."

"Ndani ya mfuko wa plastiki. Jina la mama juu, mwandiko wako. Nilianza na hilo. Nilishuka kwenye gari, nikaenda moja kwa moja kwa mama, nikalitupa nyuma ya pikapu. Halafu ndipo nikaanza safu ya kwanza, kama wengine wote."

Gari lilipita barabarani, dereva akainua mkono kuwasalimu, hakuna aliyejibu.

"Kwa nini?" Twyla aliuliza.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naye." Marlys aliushika usukani wa mashine kwa mikono miwili. "Miezi minane nimembeba chooni. Nimemlisha kwa kijiko. Wewe unatokea mlango wa pili na keki, unakaa robo saa, na yeye anachangamka kama msichana. Siku ile ya mwisho ulikuwa Columbus kwa mjukuu wako. Mimi nimemshika mkono, mkono huu, na yeye anafumbua macho, ananitazama, anasema, 'Twyla.' Mara mbili. Halafu basi."

"Alisema jina langu."

"Mara mbili."

"Niliandika barua ile kumwomba radhi kwamba sikuwepo." Twyla aliongea polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. "Nilimuuliza kama aliniulizia. Sikulala, Marlys. Mwaka mzima najiuliza kama aliniulizia, na wewe uko nyuma ya ukuta huu hapa, unajua."

"Nilijua."

"Ukaninyima."

"Nikakunyima."

Twyla alirudi hadi ngazini kwake, akaketi, viganja kwenye magoti. Marlys hakujua kama aondoke au abaki, kwa hiyo alibaki ameshika usukani wa mashine, kama mtu aliyefumaniwa na kitu cha wizi.

"Lile jiwe la Halowini," alisema Twyla mwishowe, "nililiandika kwa ubaya. Usije ukadhani ulikuwa utani."

"Sikudhani."

"Na sijakusamehe."

"Sijaomba."

"Ndiyo, hujaomba." Twyla alivuta pumzi kwa pua. "Haya, toboa. Toboa yote. Ukimaliza, utoke kwangu."

Marlys akavuta waya. Mashine ikanguruma, meno yakazama. Udongo ule ulikuwa mgumu kiasi kwamba mashine iliruka na kumrudi mikononi, ikabidi aiegemee kwa tumbo. Vipande vilitoka vifupi, vimeshikana, vina harufu ya kitu kilichofungiwa. Alikwenda na kurudi, akakata kwa urefu, kisha kwa upana. Twyla hakuingia ndani. Alichukua kiti cha kibarazani, akakikita juu ya ngazi, akajifunika koti, akakaa kumsimamia kwa saa mbili. Alisema mara moja tu.

"Pale umeruka."

Marlys aligeuka. Palikuwa na kipande cha upana wa mlango, karibu na kisanduku cha barua, hakina tundu hata moja. Alirudi akapita.

Alipotaka kushusha mfuko wa mbegu, Twyla akasimama. "Hizo nitamwaga mwenyewe. Mkono wako usiguse tena kitu changu."

"Basi usimwage kama chumvi."

"Nimwage vipi?"

Zile sentensi mbili zikatoka. "Gawa mara mbili. Nusu ukitembea hivi, nusu ukitembea hivi." Marlys alionyesha kwa kidole, kutoka barabarani hadi nyumbani, kisha kutoka kulia hadi kushoto. "Halafu reki, kwa mgongo. Na mbolea usiiguse."

"Sikuuliza mbolea."

Alimwaga kama alivyoelekezwa, hatua kwa hatua, huku akihesabu kwa sauti ndogo kama afanyavyo jikoni. Marlys alipanda upya upande wake, akiwa ameugeuzia mgongo ule mwingine. Walimaliza karibu wakati mmoja na kila mmoja akaingia mlango wake.

Mei ikaja na jua jepesi. Hawakusalimiana. Kanisani Marlys aliendelea kukaa peke yake, na mtaani Kayla alipomwona alivuka barabara na mapacha wake. Kupitia ukutani, jioni, alisikia redio ya Twyla ikiwashwa na kuzimwa. Asubuhi mbili za kwanza alinyunyizia maji upande wake tu. Ya tatu alikuta upande wa pili umeshalowa, na mpira wa maji umekunjwa vizuri, na hakujua Twyla aliamka saa ngapi.

Katikati ya mwezi, siku ya Jumamosi, Marlys alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake wa wavu akinywa kahawa. Gari la vifurushi likasimama barabarani. Dereva, kijana wa haraka, akaruka chini na boksi mkononi, akakata kona, akapita juu ya nyasi changa za Twyla, hatua tatu ndefu mpaka ngazini.

Twyla alifungua mlango kijana hajabisha.

"Wewe. Umezaliwa bila macho?"

"Samahani mama, sikuona—"

"Hukuona nini? Njia ile pale, ya saruji, pana kama barabara, na bado ukaona upite hapa. Ningekupita mimi kichwani, ungefurahi? Weka chini hicho. Zunguka. Si huko, zunguka kule."

Kijana alizunguka. Gari likaondoka. Twyla aliliacha boksi pale pale, akashuka ngazi, akapiga magoti kando ya unyayo wa kwanza. Nyasi zilikuwa zimelala, zimebanwa kwenye umbo la soli. Alianza kuziinua kwa ncha ya kidole, jani moja, jingine, akilishikilia kila moja wima kidogo kabla ya kuliachia, na kila alipoliachia lilirudi kulala.

Marlys alimtazama. Alijua kwamba mpaka kesho asubuhi zingekuwa zimesimama zenyewe, zote, bila mtu kuzigusa; sentensi moja ingetosha kumwambia. Twyla alimaliza unyayo wa kwanza, akasogea kwa magoti mpaka wa pili, akainama zaidi, shavu karibu na ardhi.

Marlys aliweka kikombe juu ya meza. Akaweka kiganja kwenye mlango wa wavu, na mlango ukafunguka kiasi cha upana wa mkono, ukabaki hapo.